Mwaka niliokuwa Eliza

Mhariri, salamu.

Mmeuliza wiki hii: kati ya tamthilia za Kiingereza tulizosomeshwa shuleni, ni ipi ambayo msomaji anaipenda hadi leo, na kwa nini? Nakisia barua nyingi zitakuja na Shylock wa The Merchant of Venice ya Shakespeare na ratili yake ya nyama, na mimi mtoto wa Mombasa ningetazamiwa niwe wa kwanza. Antonio wa tamthilia hiyo, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, hana la kufanya ila kungoja habari za vyombo, hakuhitaji kufafanuliwa nyumbani kwetu. Tena tunaye kwa Kiswahili: Mwalimu Nyerere aliitoa tamthilia hiyo mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na hilo neno "mabepari" peke yake ni tafsiri na hukumu mumo humo. Juliasi Kaizari alikuwa ameshamtoa tangu 1963. Wengine watataja Macbeth, ambamo wachawi watatu waliingia darasani kwetu bila hodi na mtu asishangae. Wengine The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, iliyonivunja mbavu mimi huku nusu ya darasa imekwama kwenye sandwichi za matango: ni watu gani hawa wanaogombania tango?

Changu ni Pygmalion ya George Bernard Shaw. Na kabla mtu hajanirukia: naam, Shaw alizaliwa Dublin, Ireland, na mchezo wenyewe ulionyeshwa kwanza Vienna, kwa Kijerumani, Oktoba 1913, ndipo ukafika London Aprili 1914. Hata hivyo sijasoma mchezo ulio wa Kiingereza kuliko huo, kwa sababu habari yake yote ni hicho Kiingereza: nani anakisema vipi, na kwa kukisema hivyo atatendewaje.

Kwa ambao hawakuusoma. Ni saa tano na robo usiku, Covent Garden, London, mvua inamwagika. Watu wamekimbilia barazani pa kanisa la Mtakatifu Paulo, matajiri na walalahoi bega kwa bega, wanatafuta teksi. Msichana muuza maua, Eliza Doolittle, amepigwa kumbo na kijana mmoja wa watu, na mafungu mawili ya maua yake yamekanyagwa matopeni. Nyuma ya nguzo kasimama bwana mmoja anaandika kila neno analosema Eliza. Watu wanamdhania kachero. Kumbe ni Profesa Higgins, mtaalamu wa fonetiki, naye anaanza kumwambia kila mtu alikozaliwa kwa kusikiliza kauli yake tu. Anajigamba kwamba humweka mtu ndani ya maili sita za kwao. Ndani ya London, maili mbili. Mara nyingine hata barabara mbili.

Hapo ndipo mchezo uliponikamata, maana huo mchezo twaucheza pwani kila siku bila kulipwa uprofesa. Mtu akitoa salamu tu, tushamjua: huyu Mwamu, huyu Mpemba, huyu katoka Vanga. Nilipokwenda kusoma shule ya bweni ya bara nikiwa kidato cha kwanza, mchezo ukanigeukia. Wiki ya kwanza, somo la Kiswahili, jirani yangu alikuwa akinicheka kwa sababu niliyoisahau. Nikanyosha mkono: "Mwalimu, huyu yuwateka." Mwalimu akavua miwani. "Anateka? Anateka maji? Ndoo yake iko wapi?" Darasa zima likateka. Kwetu Mvita kucheka ni kuteka, macho ni mato, njia ni ndia, na ukimwita mtoto "ndoo" hatafuti chombo cha maji, anakuja. Nilikuwa nimekwenda bara nikijua kwamba Kiingereza kitanitoa jasho. Sikujua kwamba Kiswahili nacho kitaniuliza cheti.

Kiingereza changu kilikuwa na dhambi zake. Wenzangu walikiita Kiingereza cha chuoni, yaani chuo cha Kurani, kwa kuwa nilikisoma kwa mahadhi kama anayemaliza juzuu, na kila neno lililoishia konsonanti nililipa irabu ya sadaka. Kwa hiyo tulipofika kidato cha tano, mwaka 1985, na mwalimu wa fasihi akaja na sanduku la vitabu vya Pygmalion, vile vya Penguin vyenye michoro ya wino ya Feliks Topolski, akisema tutausoma mchezo huu kwa kuuigiza na anataka Eliza ambaye Kiingereza chake kina safari ndefu ya kwenda, hakuna aliyenyosha mkono. Vichwa thelathini viligeuka vikanitazama. Ilikuwa shule ya wavulana, kwa hiyo ubinti haukuwa kikwazo.

Kuna hesabu moja katika sehemu ya pili ambayo mwalimu alituandikia ubaoni. Kesho yake Eliza anamfuata Higgins nyumbani kwake, mtaa wa Wimpole, anataka kufunzwa kusema. Hataki udachesi, yaani ubibi wa kimwinyi, anataka aajiriwe katika duka la maua badala ya kuuza kipembeni mwa barabara, na dukani hawamchukui kwa jinsi anavyosema. Anaahidi kulipa shilingi moja kwa somo, kwa kiburi, kama anayekomoa. Higgins hacheki. Anapiga hesabu: msichana huyu anapata kama shilingi mbili unusu kwa siku, kwa hiyo shilingi yake ni mafungu mawili katika matano ya pato lake. Tajiri wa mamilioni akilipa kwa kipimo hicho, somo moja lingekuwa kama pauni sitini. Hajapata kulipwa namna hiyo! Sisi tuliokuwa tumeuziwa mbuzi na mikarafuu na herini za mama ili tukae kwenye madawati yale, tulinyamaza kidogo. Kisha Kanali Pickering anaweka dau: atagharimia kila kitu Higgins akiweza, katika miezi sita, kumpitisha Eliza kama bibi mkubwa kwenye karamu ya balozi. Yule mwenye shilingi yake hakuna aliyemwuliza tena.

Mazoezi yalifanyika bwalo la chakula baada ya chajio. Shida yangu ilikuwa ile sauti ya Eliza, kilio kirefu ambacho Shaw amekiandika kwa mstari mzima wa a na o na u. Kila nikijaribu kinatoka kama mbuzi. Mwalimu akaniuliza, nyanyako hufanyaje paka akiruka na samaki? Nikapiga "Uuuuwi!" moja, hata wapishi wakatoka jikoni. Akasema, iwe hiyo.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyotuangusha kwa vicheko, na naamini ndiyo iliyo na akili nyingi kuliko zote. Higgins anampeleka Eliza kwa mamake, siku ya wageni, kumjaribu. Ameshamnyosha matamshi, ameagizwa azungumze mambo mawili tu, hali ya hewa na afya. Eliza anaanza na hali ya hewa, neno kwa neno kama taarifa ya habari, mkandamizo hafifu wa hewa unaosogea polepole kuelekea mashariki. Vizuri. Kisha mtu anataja mafua, na afya ikafunguka mlango. Eliza, kwa sauti ile ile ya kidachesi, anaeleza kwamba shangazi yake walisema alikufa kwa mafua, lakini yeye haamini, anaamini walimmaliza. Na ile kofia mpya ya majani iliyokuwa iwe yake iko wapi? Aliyeiiba ndiye aliyemmaliza. Watu aliokuwa akikaa nao shangazi wangemwua mtu kwa pini ya kofia, sembuse kofia! Na jini, ile pombe, kwa shangazi ilikuwa kama maziwa ya mama.

Higgins alimbadilisha ulimi akasahau kwamba mazungumzo hayatoki ulimini. Tulikuwa na kiranja wa bwalo aliyejifunza kusema kama mtangazaji wa BBC, barabara kabisa, pumzi na mituo yote. Kila jioni alisimama juu ya benchi na kututangazia kwa sauti hiyo kwamba maharagwe yameungua.

Ziara hiyo ya Eliza inamalizika kwa lile neno. Freddy, kijana aliyempiga kumbo usiku wa mvua, anamwuliza Eliza kama atatembea kwa miguu kupitia bustanini, naye anajibu kwamba hatembei ng'o, anapanda teksi, ila kwenye hilo "ng'o" anatia "bloody". Mwaka 1914 neno hilo halikuwa la kutamkwa jukwaani mbele ya mabibi, na ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Aliyelitamka alikuwa Mrs Patrick Campbell, mwigizaji mwenye umri wa miaka 49 aliyecheza msichana wa kumi na minane au ishirini, jambo lililonipa moyo mimi mwenye ndevu za kwanza. Mwalimu wetu, miaka sabini na moja baadaye, alilifikia neno hilo akakohoa. Nimejaribu mara nyingi kulitafsiri nimeshindwa. Matusi yetu ya kweli ni mazito mno kwa sebule ya mama Higgins, na yale mepesi hayamshtui mtu.

Baba yake Eliza, mzoa taka Alfred Doolittle, angestahili barua yake peke yake. Anakuja kwa Higgins kudai heshima ya bintiye, na bei ya heshima hiyo ni pauni tano. Wanapotaka kumpa kumi anakataa: kumi ni pesa nyingi, zinamtia mtu busara, na busara ikiingia raha inatoka. Hapo mbeleni anarithishwa pauni elfu tatu kwa mwaka na tajiri wa Kimarekani, anaharibikiwa kabisa. Zamani hakuwa na jamaa wa maana. Sasa anao hamsini, na hakuna kati yao mwenye kazi yenye mshahara unaotosha. Nawasomea ukurasa huo wenzangu wa kazini kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kuniuliza London iko wapi.

Lakini lililonifanya niupende mchezo huu ni sehemu ya nne, na hapa sina budi kukiri kosa. Usiku wa onyesho ukumbi ulijaa, wazazi wachache, walimu safu ya mbele. Dau limeshinda, Eliza amepita katika karamu kama binti wa kifalme. Wanarudi nyumbani usiku wa manane. Higgins na Pickering wanapongezana wao kwa wao kama walioshinda mbio za farasi, na farasi amekaa pale. Higgins anashukuru Mungu kwamba kazi imekwisha, imemchosha, na kwamba ndara zake ziko wapi? Eliza anazichukua anamvurumishia moja baada ya nyingine. Ndara zetu zilikuwa patipati zangu za bafuni, na katika mazoezi sikukosea hata mara moja. Usiku ule nilikuwa na hasira ambayo haikuandikwa na Shaw. Patipati ya kwanza ilimpata Higgins kifuani. Ya pili ilipaa juu ya kichwa chake ikashuka safu ya mbele, kwenye paja la naibu wa mwalimu mkuu.

Ukumbi uliganda. Higgins akasahau maneno yake. Naibu akaiinua ile patipati kwa vidole viwili, akaitazama chini na juu, akaiweka kando ya kiti chake, akatuashiria tuendelee. Kesho yake asubuhi kwenye gwaride, mbele ya shule nzima, aliniita mbele akanikabidhi. "Eliza," akasema, "kiatu chako." Sikuitwa jina jingine hadi tulipomaliza kidato cha sita.

Hasira yenyewe ilitokana na maneno yanayofuata ndara. Eliza anauliza: sasa mimi nitakuwa nini? Higgins anashauri kwamba labda ataolewa. Eliza anajibu kwamba zamani aliuza maua, hakujiuza nafsi yake. Sasa wamemfanya bibi, hafai tena kuuza kitu kingine chochote. Na katika sehemu ya tano anamwambia Pickering jambo nililolikariri bila kuambiwa: mtoto akipelekwa nchi ya kigeni huokota lugha yao kwa wiki chache akaisahau yake. Mimi ni mtoto katika nchi yenu. Nimeisahau lugha yangu, na siwezi kusema ila yenu.

Likizo moja kabla ya mazoezi hayo nilishuka garimoshi la Mombasa asubuhi, nikaenda nyumbani, nikamkuta mamangu anakaanga mahamri na jirani kaketi mkekani. Nikaamkia, nikasema, "Mama, nina njaa." Mama akasita na kijiko juu ya karai. Akamgeukia jirani: "Jamani, mwanangu karudi na njaa ya redioni. Sisi hapa twaona ndaa." Walicheka sana wote wawili, na mimi nikacheka, na hamri nikala. Lakini niligundua kwamba sikuwa nimejilazimisha. Neno lilitoka lenyewe, sanifu kama la mtangazaji wa Sauti ya Kenya.

Msomaji wa Unguja asinichukie. Nasema kwa kuwa ilitokea: mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni walikutana kuamua Kiswahili cha vitabu kiwe cha wapi, Kimvita kikashindwa na Kiunguja, na mkutano huo ulifanyika Mombasa kwenyewe. Wageni walikuja barazani kwetu kutuambia kwamba kauli yetu ni ya pembeni. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia jambo hilo, na vitabu vya shule vikanyoshwa. Faida yake naijua, bila hivyo nisingekuwa nawaandikia ninyi mkaelewana nami kutoka Bukavu hadi Maskati. Lakini hata alama ya pumzi hatukuachiwa: kwetu paa la nyumba na p'aa wa mwituni hawalingani hata kidogo masikioni, na kitabuni wote ni paa.

Ndiyo maana nacheka peke yangu nikifika kwenye onyesho la karamu, ambalo Shaw aliliongeza baadaye. Yupo mkalimani mmoja, mwanafunzi wa zamani wa Higgins, aliyetumwa kumchunguza Eliza. Anarudi na jibu: huyu si Mwingereza hata kidogo, ni Mhungari, tena wa damu ya kifalme. Ushahidi? Kiingereza chake hakina kosa, na hakuna Mwingereza asemaye Kiingereza bila kosa; ni wageni waliofundishwa tu. Mwaka ule shuleni kwetu zawadi ya Kiswahili ilichukuliwa na mvulana kutoka milimani aliyekutana na Kiswahili darasani. Aliistahili. Mimi nilikuwa wa nne, na maoni ya mwalimu yalikuwa: ajihadhari na lugha ya mtaani. Mtaa wenyewe ni Mji wa Kale, na mashairi ya Muyaka yalitungwa kwa lugha yake kabla shule yangu haijawa hata kichaka kilichofyekwa.

Kuhusu mwisho wa mchezo watu wamegombana kwa zaidi ya miaka mia. Shaw hakutaka Eliza aolewe na Higgins. Herbert Beerbohm Tree, aliyecheza Higgins London, alikuwa akimrushia Eliza shada la maua kabla pazia halijafunga, ili watu waende nyumbani na harusi kichwani. Akamwambia Shaw kwamba mwisho huo unaleta pesa, ashukuru. Shaw akamjibu kwamba anastahili kupigwa risasi. Mwaka 1916 Shaw akaandika nyongeza ndefu akimwoza Eliza kwa Freddy na kuwafungulia duka la maua. Filamu zikaja zikamrudisha kwa Higgins hata hivyo, ile ya 1938 na ile ya nyimbo ya 1964. Wasomi wengi huidharau nyongeza hiyo. Mimi naipenda kuliko busu lolote, kwa kuwa humo Eliza na mumewe hawajui kutunza hesabu, duka linaelekea kufilisika, na kanali inabidi awajazie kila mara. Wanakwenda hata chuo cha uchumi cha London kuomba somo la biashara ya maua. Shaw alijua kwamba baada ya lafudhi kuna kodi ya pango.

Nimeruka kitu kimoja cha usiku wa onyesho. Ni pale sehemu ya tano, Eliza amekwisha kusema kwamba lugha yake ameisahau, kwamba hata akijaribu hawezi tena kutoa sauti moja ya zamani. Wakati huo huo baba yake anaingia nyuma yake, kofia ndefu, ua kifuani, amevaa kwenda kuoa, anamgusa bega. Eliza anageuka, na kile kilio cha mtaani kinamtoka chote. Higgins anashangilia. Mimi nilikuwa na patipati moja tu mguuni, na jasho la aibu ya naibu bado linanitiririka. Baba Doolittle akanigusa bega, nikapiga "Uuuuwi!" ya nyanyangu, ndefu kuliko ilivyowahi kuwa katika mazoezi. Ukumbi ukaangua kicheko. Na kutoka nyuma kabisa, mlangoni walikosimama wapishi, sauti ya mtu mzima ambayo sikuwahi kujua kwamba ni ya kwetu ikapenya juu ya kicheko chote:

"Mwamlizani mwana wa watu?"